Baridi ya Julai Ina Raha Yake, Tusiikimbie

Mhariri,

Ifikapo Juni kila mwaka, magazeti na redio zetu huanza kutuombolezea sisi tunaoishi nyanda za juu za Bonde la Ufa. Habari huwa ile ile na picha zile zile: ajuza aliyejitanda blanketi mbele ya duka, mtoto wa shule aliyevuta boshori hadi kwenye nyusi, na ng'ombe wanaomezwa na ukungu kando ya barabara. Makala iliyochapishwa hivi majuzi katika gazeti lako kuhusu baridi ya Molo, Kuresoi na Timboroa ilifuata desturi hiyo, na mwandishi wake, ambaye naamini alikuwa na nia njema, alimaliza kwa kuwashauri wenye uwezo wateremke mabondeni hadi Septemba. Naomba nafasi nimjibu. Ushauri huo unawanyima wasomaji wako jambo zuri lililo karibu nao, na tena unailaumu hali ya hewa kwa makosa ya mafundi na wenye nyumba.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kisumu kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwenye shamba letu lililo juu kidogo ya mji wa Molo, kwa hiyo najua jinsi joto la ziwani linavyomlegeza mtu ifikapo saa nane mchana, na najua pia jinsi maji ya birika yanavyopoa kabla mtu hajamaliza kunawa uso. Sisemi kwamba huku hakuna baridi. Ninachosema ni kwamba baridi ya katikati ya mwaka ni msimu wenye starehe yake, na kwamba kinachotuzuia kuionja starehe hiyo ni nyumba tulizojijengea.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe, maana wengi huizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mita 1,850 hivi, na Molo inakaribia mita 2,500. Timboroa, ambako reli ya kwenda Eldoret hufikia kilele chake, inapita mita 2,700. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, na ndiyo sababu abiria aliyeondoka Kisumu adhuhuri akiwa na shati la mikono mifupi huanza kuomba dirisha la matatu lifungwe anapokaribia Mau Summit. Kuanzia Juni hadi Agosti huongezeka jambo la pili: mawingu hutanda kutwa, jua halipati nafasi ya kuipasha ardhi moto, na mvua ya alasiri huja bila kukosa sana. Hiyo ni baridi ya unyevu, inayokaa na mtu siku nzima lakini isiyo na makali.

Watu wa mabondeni huenda wasijue kwamba alfajiri zenye makali haziji wakati huo. Huja Januari na Februari, katikati ya kiangazi, wakati anga ni safi usiku kucha na hakuna wingu la kuifunika ardhi, hivyo joto lote lililokusanywa mchana hupotelea juu. Hapo ndipo sakitu inapoanguka, nyasi zikapambazuka zikiwa nyeupe, na wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wakapata hasara ya majani yaliyoungua. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo huteremka usiku kama maji yanavyofuata mkondo, ikatuama mabondeni. Wazee waliojenga nyumba zao mteremkoni, wakauacha uwanda wa chini uwe malisho, walikuwa wameliona hilo kwa macho bila kuambiwa na mtaalamu yeyote. Leo kiwanja kinanunuliwa kwa kutazama umbali wake kutoka kwa lami, na mwenye nyumba hushangaa baadaye kwa nini jirani aliye juu yake hana sakitu.

Sasa nimweleze msomaji wa Kisumu au wa Nakuru mjini siku ya Julai ilivyo huku. Ukungu hukaa juu ya mashamba hadi saa tatu au saa nne. Mwanzoni huoni kitu ila nguzo za ua ulio karibu. Sauti hukufikia kabla ya wenyewe, kengele ya kondoo, mtu anayekohoa njiani, pikipiki ya maziwa inayopanda kwa gia ya kwanza. Halafu vilele vya mikaratusi ya jirani hutokeza, kisha paa lake, kisha jirani mwenyewe akiwa amesimama na gambuti zake katikati ya viazi, akitazama kama ukungu umeacha madoa kwenye majani. Kati ya saa tano na saa saba huwa na nafasi ya kufanya kazi. Baada ya hapo upepo hubadilika, harufu ya udongo uliolowa hutangulia, na mvua ikishaanza mabati huvuma kiasi kwamba watu wawili waliokaa meza moja hulazimika kupaza sauti.

Hapo kazi ya siku imekwisha, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Nyumbani kwetu sufuria ya viazi vilivyochemshwa na maganda yake huwekwa katikati ya meza, chumvi pembeni, na kila mtu humenya vyake vikiwa bado vinamchoma vidole. Viazi vya Shangi huiva upesi, na vikipasuka ganda moshi wake hupanda hadi usoni. Chai huwa ya maziwa yenye tangawizi iliyotwangwa, na pengine jirani wetu wa Kikalenjin hutuletea mursik, ile maziwa lala iliyokaa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, ambayo rangi yake ya kijivu huwatia wageni shaka mpaka wanywe. Wajukuu wanaokuja kutoka Kisumu hucheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Kufikia magharibi wamekwisha kulala kwenye viti wakiwa na soksi zao za sufu, na simu zao hazina habari nao. Ni nani ambaye angewashauri wateremke bondeni?

Baadhi ya mambo ninayoyasema nilijifunza mbali na hapa. Binti yangu anaishi na mumewe na watoto wao katika mji mdogo wa milima ya Colorado, nchini Marekani, nami nimewahi kukaa nao wakati wa theluji. Milima ile si migeni sana kwa mtu wa Molo kwa kimo chake. Aspen, mji unaojulikana duniani kote kwa michezo ya theluji, uko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani hauizidi Molo. Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, ambako jua hupanda juu ya vichwa vyetu mwaka mzima, ilhali wao, kuanzia Novemba hadi Machi, huliona likipita chini upande wa kusini na kutua mapema. Kwa hiyo maji yale yale ambayo kwetu hushuka kama mvua, kwao hushuka kama theluji, na hubaki.

Theluji haina kishindo. Mvua ya huku hutangaza inapokuja. Theluji huanguka usiku na mwenye nyumba huijua asubuhi kwa mwanga, kwa sababu weupe ulio chini huurudisha mwanga juu hadi kwenye dari, chumba kikang'aa kwa namna ambayo si ya kawaida. Ikiwa bado mpya imejaa hewa, na hewa hiyo humeza sauti, hata gari linalopita mbele ya nyumba hulisikii vizuri. Binti yangu alinitoa nje saa moja asubuhi nione. Kipimajoto kilichotundikwa kando ya mlango kilionyesha nyuzi 20 chini ya sufuri, nami, mwenye koti la mkwe wangu lililonifika magotini, niliona jirani mzee kuliko mimi akizoa theluji kwenye njia yake kwa koleo pana, akiimba. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda mlimani kuteleza kwa vibao.

Lakini jambo nililolitazama kwa makini zaidi lilikuwa nyumba. Mtu akiingia hafiki sebuleni moja kwa moja. Kuna chumba kidogo mlangoni ambako viatu, makoti na theluji iliyogandia huachwa, na mlango wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe. Madirisha yana vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati yake. Kuta na dari zimejazwa nyuzi laini zinazozuia joto lisitoke. Paa lina mwinamo mkali ili theluji iteleze yenyewe kabla ya uzito wake kuwa hatari. Ukutani kuna jiko la chuma la kuni lenye mlango wa kioo na bomba linalotoa moshi wote nje, na juu ya jiko hilo chungu cha supu hukaa tangu asubuhi hadi usiku. Kuni zenyewe hupasuliwa wakati wa joto na kupangwa nje chini ya upenu zikauke kwa miezi, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto mchache. Ndani ya nyumba hiyo, huku nje kukiwa na baridi ya kugandisha mito, nilikaa na sweta moja nikisoma gazeti. Watu wale hawakuzaliwa na ngozi tofauti na yetu. Mjukuu wangu aliyezaliwa Nakuru alizoea mandhari ile katika msimu mmoja.

Turudi huku. Nyumba ya kawaida ya Molo siku hizi ni ya mawe au mbao, paa la mabati, na mara nyingi haina dari, kwa sababu dari huonekana kuwa pambo ambalo mtu ataliongeza fedha zikipatikana. Mabati matupu hayazuii joto hata kidogo. Saa mbili usiku joto la wapishi na la waliomo limekwisha kupita juu, na kufikia alfajiri mvuke wa pumzi za waliolala umegeuka matone chini ya mabati na kuanza kudondoka kwenye blanketi. Madirisha ni yale yale ya chuma yenye kioo kimoja yanayotengenezwa kwa nyumba za Kisumu na Mombasa, na chini ya mlango pana nafasi ya kupitisha paka. Babu zetu, Wakikuyu na Wakalenjin kwa pamoja, walijenga nyumba za mviringo za udongo na nyasi, zenye moto katikati na mlango mfupi, na ingawa moshi wake uliwaumiza macho, hakuna aliyetetemeka usiku ndani yake. Tulipobadilisha nyasi kwa mabati tulipata paa lisilovuja na lisiloshika moto. Ile kinga ya nyasi dhidi ya baridi hatukuirudisha kwa njia nyingine.

Matokeo yake ni jiko la makaa linaloingizwa chumbani. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Makaa yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Anayeivuta huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, na akilala huenda asiamke. Kila mwaka, katika miezi hii hii, tunasikia habari za familia zilizokutwa asubuhi zimekufa kitandani na jiko likiwa sakafuni, na kila mara majirani husema ni baridi iliyowaua. Walioliwasha jiko walikuwa wakitafuta joto, hilo ni kweli, lakini gesi ndiyo iliyowaua. Jiko la makaa halilali na watu. Likae nje au jikoni penye dirisha wazi, na chumba cha kulala kipashwe kwa njia nyingine au kisipashwe kabisa, maana blanketi mbili juu ya godoro kavu zinatosha kwa baridi yetu, ambayo mara nyingi usiku huwa kati ya nyuzi 7 na 10 tu.

Njia hizo nyingine si ngeni wala si za matajiri peke yao. Nyumba za walowezi zilizobaki kati ya Njoro, Elburgon na Molo, na hata nyumba kadhaa za wafanyakazi wa reli, zina meko ya ukutani yenye dohani ya mawe, na kuna nyingine zenye paa la vigae vya mbao ya mtarakwa ambalo halivumi wakati wa mvua. Fundi mwashi wa hapa anayejua kujenga tanuri la mkate anaweza kujenga dohani, mradi aonyeshwe kwamba koo lake lazima liwe jembamba na kilele chake kipite juu ya paa, la sivyo moshi utarudi sebuleni. Dari inaweza kuwa ya mbao nyepesi. Nimeona nyumba moja huku ambayo mwenyewe alitandaza juu ya boriti mikeka ya mafunjo, ile inayosukwa na kuuzwa kando ya barabara za Kisumu, akaiweka mbali na bomba la moshi, na chumba chake kilikuwa kikavu na chenye joto kuliko cha jirani mwenye nyumba ya thamani mara tatu. Fedha za mageti makubwa ya chuma yanayochomelewa kwa nakshi zingetosha dari na dohani, lakini geti huonwa na wapita njia. Kuhusu kuni, hakuna anayehitaji kuingia Msitu wa Mau. Safu ya miwati au mikaratusi mpakani mwa shamba, ikipogolewa kiangazi na kuanikwa, inamtosha mwenye meko moja, na msitu tuuache uendelee kuilisha mito ya Njoro, Mara na Sondu.

Wapo watakaosema kwamba nafananisha baridi ndogo na baridi kubwa, na kwamba Mwafrika wa Ikweta na theluji hawana udugu. Hata wasomi wa Ulaya waliwahi kusema hivyo. Wamishonari Johannes Rebmann na Johann Ludwig Krapf walipoandika kwamba wameona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848 na juu ya Mlima Kenya mwaka 1849, kuna mabingwa wa jiografia waliokaa London na kuwakanusha bila kuinuka kwenye viti vyao. Theluji ilikuwapo, na ingali ipo Mlima Kenya ingawa barafu yake inapungua mwaka hadi mwaka. Sisi wa upande huu hupata mvua ya mawe. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana alasiri na ule wa mashariki juu ya milima ya Kericho na Nandi, mawingu hupanda hadi kwenye baridi ya kugandisha, na kwa kuwa ardhi yetu iko juu, mawe yale hayapati safari ndefu ya kuyeyuka kabla ya kutua. Eneo la Kericho limejulikana kwa wataalamu wa hali ya hewa kwa wingi wa siku zake za mvua ya mawe kiasi kwamba, kuanzia miaka ya 1960, ndege zilitumiwa kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha ili kuyaokoa majani ya chai. Na mnamo Septemba 2008, karibu na Nyahururu, mahali paitwapo Busara, mvua ya mawe ilifunika mteremko mzima ukawa mweupe. Wakazi walitoka kuishika, wengine wakaila, na wengi waliapa kwamba ni theluji. Sikumsikia aliyeshauri wahame.

Isitoshe, mwana wa nyanda hizi amekwisha kuikabili theluji yenyewe. Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret na mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Finland kujifunza kuteleza kwa ski akiwa hajawahi kuigusa theluji maishani mwake, na mwaka 1998 aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Nagano, Japani, akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho kabisa, mvua na theluji iliyolowa zikimzuia, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alisubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo, na kila mara kulikuwa na mmoja aliyeuliza kama mtu anaweza kuteleza kwenye matope ya Kuresoi. Jibu ni kwamba tunateleza kila siku, ila hatupewi medali.

Pia tusisahau kwamba baridi hii inatulisha. Pareto, ua jeupe la kutengenezea dawa ya wadudu, ambalo kilimo chake kiliwahi kuifanya Kenya iongoze dunia, halichanui vizuri bila majuma ya baridi, na ndiyo maana huwezi kulikuta likilimwa Kisumu. Viazi vinavyoliwa kama chipsi Nakuru na Kisumu hutoka kwenye udongo uliopoa wa Molo, Kuresoi na Mau Narok. Kondoo wa Molo wana sufu na mafuta kwa sababu ile ile. Ni kweli kwamba unyevu wa Julai huleta ugonjwa wa ukungu kwenye viazi na humgharimu mkulima dawa. Sitaki kuficha hilo.

Wala sitaki kuficha kwamba kuna watu ambao kwao habari za supu na drafti ni dhihaka. Mtu anayelala chini ya turubai, au mama mwenye mtoto mchanga katika chumba cha mbao zenye nyufa, hana raha ya kuitafuta katika Julai, na nimonia huwapata watoto wadogo na wazee kuliko wengine. Lakini hata hapo nasisitiza jambo lile lile. Moshi wa kuni na makaa unaovutwa siku nzima ndani ya chumba kisicho na dohani huyadhoofisha mapafu ya mtoto na kuirahisishia nimonia njia. Kumwambia mama huyo ateremke bondeni ni kumwambia asichoweza kukifanya. Kumsaidia apate dari, bomba la moshi na blanketi ni jambo ambalo kaunti, makanisa na vyama vyetu vya akiba vinaliweza. Chama chetu cha akina mama hapa kijijini hununuliana masufuria na viti kwa zamu. Nimewapendekezea wanunue dari kwa zamu, na wanalifikiria.

Jambo la mwisho ni la wenye uwezo wa kusafiri. Watu wa mjini hutujia Desemba, wakakuta vumbi, jua kali la mchana na baridi kavu ya alfajiri, wakarudi wakisema wameiona Molo. Waje likizo ya Agosti, shule zikifungwa. Wakitoka Nakuru wapite Salgaa na Sachang'wan mchana, kwa maana ukungu na malori vikikutana jioni katika miteremko ile si jambo la mzaha. Wakitoka Kisumu wapande kupitia Kericho waione chai ikiwa imelowa. Waje na gambuti, soksi za sufu na koti lisilopitisha maji. Wenye hoteli za huku nao waache kuzima meko zao na kuziwekea maua ya plastiki, kama nilivyoona katika hoteli moja ambayo mhudumu wake, akiwa amevaa makoti mawili, aliniambia kwamba moto huwashwa wageni wa kizungu wakija.

Nawe, Mhariri, ninakuomba umtume tena yule mwandishi wa makala pamoja na mpigapicha. Safari hii asiishie stendi ya matatu, mahali ambapo hata mimi hutetemeka. Aulize nyumba ambazo dohani zake zinatoa moshi, abishe hodi, na aandike atakachokikuta ndani. Viazi vya kuchemsha havitakosekana.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu,
Molo, Kaunti ya Nakuru